Uzi maalumu wa mapama ya felti: achana na mkunjo wa kiwandani, lipe pama umbo lako mwenyewe

Mzee wa Pama:

Wakuu habari za muda huu.

Kama kichwa cha uzi kinavyojieleza, leo naomba tuongelee mapama. Siongelei kapelo wala zile kofia za jua zinazouzwa stendi, naongelea pama la felti lenye kichwa na ukingo wake, lile ambalo ukienda Machame au Kibosho Jumapili asubuhi utawaona wazee wamelivaa juu ya koti zito wanashuka nalo kanisani, na ukivuka mpaka ukaenda Nyeri au Murang'a utawakuta wenzao vilevile na bakora mkononi.

Vijana wamelirudia, nawaona kwenye maharusi na send-off, na kwa kweli roho yangu inafurahi. Ila kuna kitu kinaniuma. Mtu anatoa hela yake nzuri, ananunua pama la maana, halafu analitupia kichwani vilevile lilivyotoka kwenye boksi, mbonyeo uleule, ukingo uleule, ananyoosha shingo kama kabeba ndoo ya maji, baada ya wiki mbili anasema mapama hayampendezi. Mkuu, pama halina kosa. Hilo bado ni la kiwandani, hujalifanya liwe la kwako.

Zamani huko Marekani na Ulaya, enzi ambazo mwanaume hatoki nje bila kofia, pama lilikuwa linaweza kuuzwa likiwa na kichwa cha duara tupu, halina bonde wala mbinyo, muuzaji analibonyeza palepale dukani kwa mkono kufuata uso wa mteja au mteja analipeleka nyumbani anajifanyia mwenyewe. Ndo maana ukiangalia picha za mtaani za miaka ya 1930 unaona umati mzima umevaa aina moja ya pama na hakuna wawili wanaofanana. Huyu kabinya chini, yule kaacha kichwa kirefu, mwingine kashusha ukingo mpaka jicho halionekani. Hiyo ndo staili ninayoizungumzia, na haiuzwi dukani.

Sasa ili uelewe kwa nini pama linaumbika lazima ujue felti ni nini. Felti siyo kitambaa, haikufumwa kabisa. Ni manyoya yaliyoshikana. Unywele wa sungura una magamba madogo sana ambayo kwa macho huyaoni, ukiyapa manyoya maji ya moto ukayakandamiza na kuyasugua, magamba yanakamatana na hayaachiani tena. Kiwandani wanayapuliza manyoya juu ya koni kubwa ya shaba yenye vitundu, kwa ndani hewa inavutwa, yale manyoya yanaganda juu ya koni, yanamwagiwa maji ya moto, linatoka dude kubwa jepesi ambalo ukubwa wake ni mara mbili ya kofia au zaidi, halafu kazi yote inayofuata ni kulisinyaza kwenye maji ya moto mpaka libane. Baadaye linavalishwa kwenye kalibu ya mbao, linasuguliwa kwa msasa laini, ndo unapata ule ulaini unaoupapasa. Kwa hiyo kitu kilichoumbwa kwa maji na moto unaweza kukirudisha kwenye maji na moto ukakiumba upya. Mvuke unalegeza, halafu likipoa linabaki hivyohivyo ulivyoliacha.

Tuanze na kuchagua, maana hapa ndo watu wanapigwa. Mapama mengi ya bei rahisi ni ya sufu ya kondoo. Siyo mabaya, ila sufu ni nzito, inakwaruza kidogo, ikinyeshewa inasinyaa au inalegea na kuanza kuning'inia masikioni. Manyoya ya sungura ni mepesi, membamba, ukikunja ukingo kwa kidole ukaachia unarudi. Juu ya sungura kuna sungura wa porini, na juu ya wote kuna biva, yule mnyama wa mitoni wa Kanada na Marekani, manyoya yake ya ndani ni laini na hayaogopi mvua, ila bei yake tuiache tu. Ukiwa kwenye mitumba, iwe Karume au Memorial pale Moshi, geuza pama uangalie ndani. Ukiona mkanda wa ngozi halisi umezunguka ndani, kwa nyuma ngozi imeungana na kuna kifundo kidogo cha utepe, tulia hapohapo usikimbilie jingine. Funua mkanda taratibu, mara nyingi lebo ya saizi imejificha chini yake. Ukikutana na jina la Borsalino wa Alessandria kule Italia, hao wapo tangu 1857, au Stetson aliyeanzia Philadelphia 1865, au Akubra wa Australia wanaotumia sungura, usibishane sana na muuzaji, lipa uondoke.

Saizi: pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso. Sentimita 58 Mmarekani anaiandika 7 1/4 na Mwingereza anaiandika 7 1/8, kwa hiyo angalia limetoka wapi kabla hujalikataa.

Sasa mvuke. Chemsha maji kwenye birika, acha litoe mvuke wa nguvu. Shika pama kwa ukingo, kichwa chake kiangalie mvuke kwa umbali wa kiganja hivi, lizungushe taratibu. Utasikia lenyewe mkononi, felti iliyokuwa ngumu inaanza kuwa kama sikio. Ule mkanda wa ngozi wa ndani uupishe kabisa, funua uwe nje au elekeza mvuke mbali nao, maana ngozi ikipata joto inajikunja na kubana na ikishabana hairudi. Sukuma vidole kwa ndani, toa mikunjo yote ya kiwandani mpaka kichwa kiwe duara. Usiogope, hapo ndo watu wanapoogopa, wanaona wameharibu. Hujaharibu. Liache lipoe likiwa duara, livae, kaa mbele ya kioo uangalie uso wako ulivyo.

Halafu rudisha mvuke, safari hii juu tu. Kwa ubavu wa kiganja piga bonde la kwanza. Bonde la tone, yaani jembamba mbele na pana nyuma, linakubali nyuso nyingi sana. Bonde moja refu la katikati linampa mtu urefu na lina adabu fulani ya kiofisi. Ukishapata bonde ndo unabinya mbele, dole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, na hapa taratibu wakuu, mbinyo usiwe na ncha kali. Felti ikikunjwa kwenye ncha moja kila siku inachanika, angalia mapama ya mitumba mengi yana tobo palepale mbele, wenyewe walikuwa wanayavua kwa kushika hapo. Pama linashikwa kwa ukingo, mkono mmoja mbele mmoja nyuma.

Kama upande wa kushoto umeingia zaidi ya kulia, acha. Uso wako wenyewe pande zake hazilingani, na pama lililobonyezwa kwa mkono halitakiwi kufanana na sufuria.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye ujuzi aongezee.

Kibosho Juu:

Mkuu umegusa penyewe. Marehemu babu alikuwa na la kahawia, akiingia kanisani analivua mlangoni analishika kifuani, akikaa analiweka magotini limelalia kichwa, ukingo juu. Tukiwa watoto ukiligusa unachapwa. Swali langu ni mvua, huku kwetu mwezi wa nne ikianza haina mazungumzo. Likilowa nafanyaje?

Mzee wa Pama:

Babu yako alikuwa anajua. Pama likikaa kwa ukingo muda mrefu ukingo unanyooka kama sahani na ule mpindo wake unapotea, kwa hiyo liegemeze kwa kichwa au litundike kwenye kitu cha duara kisicho na ncha.

Mvua: kama ni la manyoya halina shida kabisa, likung'ute maji, rudisha umbo lake kwa mkono likiwa bado bichi, funua mkanda wa ngozi utoke nje na ulisimamishe pama juu ya huo mkanda, likauke lenyewe kivulini. Usilipeleke karibu na jiko la mkaa, usilianike juani, usiliache kwenye gari ambalo vioo vimefungwa Dar es Salaam saa nane mchana, joto lile ngozi hailimudu. Likishakauka pitisha brashi laini kufuata mlalo wa manyoya, wengi tunazungusha kinyume na mshale wa saa. Brashi ya pama jeusi usiitumie kwenye la kijivu.

La sufu likilowa sana ujiandae kulipa umbo upya.

Mtoto wa Gikomba:

Salamu kutoka Nairobi. Mzee wangu uzi uko sawa sana. Hapa Gikomba marobota ya kofia yakifunguliwa asubuhi lazima uwe umefika mapema, mapama mazuri yanaondoka na watu wa mugithi, ule muziki wa Wakikuyu, hao wanataka ya cowboy yenye ukingo mpana uliopanda pembeni. Mimi niko na shida ingine, mimi ni mfupi na mnene kidogo na uso wangu ni wa duara, kila pama nikivaa nakaa uyoga. Niache ama kuna njia?

Mzee wa Pama:

Usiache kaka. Uyoga unatokana na vitu viwili, ukingo mpana kuliko mabega yako yanavyoruhusu na kichwa cha pama kilichobonyezwa chini sana. Mtu wa uso wa duara anahitaji kichwa kirefu, usibonyeze sana juu, bonde liwe la kina kifupi, na mbinyo wa mbele uwe mrefu unaoshuka, ule unachora mistari miwili ya kusimama juu ya paji lako na uso unarefuka. Ukingo tafuta wa sentimita 5 au 6 hivi. Lenye 7 na zaidi waachie warefu.

Mwenye uso mrefu mwembamba afanye kinyume, abonyeze kichwa chini na ukingo aupe nafasi.

Lingine ni utepe. Utepe mpana wa rangi tofauti na pama unakata kichwa vipande viwili na mtu mfupi anazidi kuwa mfupi. Chukua wa rangi ileile ya pama au inayoikaribia, upana wa vidole viwili.

Na ukingo wa mbele ushushe kidogo, wa nyuma uache juu. Ukishusha pande zote unakuwa mvuvi, ukipandisha pande zote bila mpango uso unabaki wazi na unaonekana umeshtuka. Uwekee mvuke mbele tu, laza pama mezani ile sehemu ya mbele itokeze nje ya meza, uipinde kwa kiganja hadi ipoe.

Fundi wa Lushoto:

Mimi ni mama, nashona, na wanaume wanaleta mapama kwangu nibadilishe utepe kwa hiyo naomba niongezee hapo. Utepe wa pama siyo ule wa kufungia zawadi, ule wa satini unateleza na unang'aa vibaya. Unatakiwa ule wenye vijimbavu, mgumu kidogo, wa pamba au rayoni. Kabla ya kuushona ulowanishe halafu upitishie pasi huku unauvuta upinde kama upinde wa mvua, kwa sababu kichwa cha pama kwa chini ni kipana kuliko juu, ukiweka utepe ulionyooka ule upande wa juu unaachama na vumbi linaingia. Nashona kwa mishono michache sana ya mkono, siyo gundi jamani, wanaopaka gundi mnatuumiza, ikishaingia kwenye felti haitoki. Kifundo kwa pama la mwanaume kinakaa kushoto.

Na baba zetu wakiniletea pama lenye alama nyeupe ya jasho kwenye utepe namwambia ukweli kwamba utepe nitabadilisha ila ile iliyoingia kwenye felti haiondoki yote. Futeni ule mkanda wa ndani kwa kitambaa kikavu kila mkivua, hasa wa Tanga mjini na Dar.

Mzee wa Pama:

Mama shikamoo, hii ya kupinda utepe kwa pasi ni nondo nzito, watu wengi hawaijui kabisa. Karibu sana kwenye uzi.

Bakari wa Pwani:

Wakuu msinielewe vibaya ila pama kwangu ni kofia ya mkoloni. Sisi tuna kofia zetu, kofia ya viua iliyotobolewa kwa mkono, kazi ya miezi, ina heshima na unaingia nayo msikitini na huivui. Sasa hili pama la Mzungu lina cha nini cha kujifunza?

Mzee wa Pama:

Ndugu yangu kofia ya viua naiheshimu sana na sitaki hata kuzilinganisha, ile kazi ya sindano ni kubwa kuliko chochote nilichoandika hapa. Na kweli limetoka kwao, sibishi. Ule bola mgumu wa duara, yaani kofia ya bowler, ulitengenezwa London mwaka 1849 kwa ajili ya walinzi wa mashamba ya matajiri wasigongwe na matawi ya miti. Leo waulize kinamama wa Kiaymara kule Bolivia ule bola ni wa nani, wameuweka juu ya nywele za kusuka na shali, wanauvaa kwa namna ambayo Mwingereza hakuwahi kuiota. Papa Wemba na masapeur wa Kinshasa, wale watanashati wa sape, walivyolichukua pama wakalipa pozi lao, nani atasema wamemwiga Mzungu? Museveni na pama lake la ukingo mpana lenye kamba ya kidevu, hata ukiona kivuli tu ukutani unajua ni nani. Salva Kiir yale meusi yalianza na moja alilopewa na Bush, leo huwezi kumfikiria bila pama. Wazee wetu wa mlimani walilipokea wakalivalia koti na bakora na vazi likawa la mzee wa Kichaga.

Kwa hiyo mi naona kitu hakiwi cha mtu kwa kukizua tu. Mtu anaweza kukichukua akakishughulikia mpaka kikakubali sura yake. Ndo hoja nzima ya uzi huu kaka Bakari, ukivaa lilivyo umevaa la mwingine.

Mtu wa Goma:

Nathibitisha ya sape. Huku kwetu pia mtu akivaa chapeau anaangalia kwanza rangi, rangi zisizidi tatu mwilini kuanzia kofia mpaka viatu. Utepe wa kofia ukilingana na soksi ama na tai, umemaliza kazi.

Njombe Baridi:

Wakuu nimefuatilia uzi wote kimya. Mimi nina jambo. Baba alifariki akaacha pama la kijivu, ni Borsalino kabisa, nimekuta jina kwenye mkanda. Limebeba mbinyo wake, mbele kulia pameingia zaidi kwa sababu alikuwa anatumia mkono mmoja. Mimi kichwa changu ni 59, lile nadhani ni 57, halinishuki. Nilikuwa nataka kulitia mvuke nilipanue na nilipe umbo langu kama mleta uzi anavyosema. Mama hataki. Nisaidieni mawazo.

Kibosho Juu:

Mkuu hilo usiguse. Liweke.

Mtoto wa Gikomba:

Kofia ni ya kuvaliwa buda. Mzee mwenyewe angefurahi kukuona nayo.

Mzee wa Pama:

Pole kwa msiba kaka. Nikujibu kwa sehemu mbili.

Upande wa ufundi: kutoka 57 kwenda 59 ni safari ndefu. Kuna vifaa vya mbao vya kupanulia, unaweka ndani, unazungusha skrubu, kwa mvuke kidogo felti inakubali, lakini tatizo halipo kwenye felti. Lipo kwenye ngozi ya ndani na uzi ulioishikilia. Ngozi iliyokaa miaka mingi imekauka, ukiivuta sentimita mbili itapasuka kwenye mshono wa nyuma, na huo mkanda ndo una jina. Sentimita moja ningekwambia jaribu, kwa mbili hapana. Na ukilipanua kwa nguvu kile kichwa kinakuwa yai.

Upande wa pili ni mbinyo wenyewe. Nimeandika hapo juu toeni mikunjo ya kiwandani, na nasimama hapohapo, lakini huo wa baba yako siyo wa kiwandani. Ni wa mkono wake. Kulia pameingia zaidi kwa sababu ndivyo alivyokuwa analichukua kwenye msumari kila asubuhi. Hicho ndicho kitu ambacho mimi na wengine wote humu tunakitafuta kwa birika na kioo, yeye alikipata kwa kulivaa. Ukikitia mvuke kitatoka ndani ya dakika moja na hakuna fundi wa Alessandria atakayekirudisha. Mama yuko sahihi. Lipige brashi, weka karatasi laini isiyo na wino ndani ya kichwa ili lisibonyee, liweke kwenye boksi pakavu na vipande vya mbao ya mwerezi au karafuu kidogo dhidi ya nondo, maana nondo wanapenda sana felti. Mara mbili tatu kwa mwaka litoe lipate hewa.

Halafu wewe tafuta lako la 59, la kijivu ukitaka, na liache likushike mkono wako.

Njombe Baridi:

Asante sana mkuu. Nimemsomea mama, ameshukuru. Nitatafuta la kwangu.

Fundi wa Lushoto:

Mwanangu ukilipata hilo la 59 uje na picha ya lile la baba, nitakukatia utepe wa upana uleule.

Chalii wa Sakina:

Oya wakuu nina maswali mawili ya haraka. La kwanza, nimesikia mapama ya zamani yana sumu, ni kweli au stori za vijiweni? La pili, nataka kile kipama kifupi juu bapa kama sahani, kile cha wapiga saksofoni, kinapatikana wapi Arusha?

Mzee wa Pama:

La sumu ni kweli lakini tulia. Zamani manyoya yalikuwa yanapakwa dawa ya zebaki ili yashikane upesi, mafundi wakawa wanavuta ule mvuke kila siku, wanaanza kutetemeka mikono, meno yanatoka, akili inayumba. Pale Danbury, Connecticut, mji uliokuwa maarufu kwa kofia, ule ugonjwa wa kutetemeka uliitwa kwa jina la mji. Watu wamekufa kwa ajili ya hizi kofia, tusisahau hilo tukiwa tunapendeza. Marekani ilipiga marufuku zebaki kwenye viwanda vya felti mwaka 1941. Kwa hiyo la kisasa halina neno. Ila ukibahatika kupata pama la kale la kabla ya hapo, hilo usilitie mvuke kabisa wala usilivae, liwe la kuangalia tu.

La pili, usitafute. Litengeneze. Buster Keaton, yule mchekeshaji wa sinema zisizo na sauti, alikuwa anachukua pama la kawaida analikata kichwa na ukingo, halafu anakoroga sukari kwenye maji ya uvuguvugu, analowanisha ukingo, anaulaza juu ya kitu kigumu kisafi unakauka unakuwa mgumu kama ubao. Alikuwa anajifanyia mwenyewe, na mpaka leo ukichora lile pama bila uso watu wanamtaja yeye. Nunua pama la bei rahisi la mitumba la kufanyia mazoezi. Kichwa kitie mvuke, kirudishe duara, halafu sukuma sehemu ya juu iingie ndani ukiacha mfereji unaozunguka pembeni, kama mtu anayeingiza kikombe ndani ya kingine. Kama ukingo ni mpana pima kwa rula kutoka kwenye utepe kila baada ya vidole viwili, weka alama za chaki kisha kata kwa mkasi mkali bila kusimama njiani. Felti haichanguki nyuzi, haihitaji kukunjwa pindo. Arusha sukari inavutia sisimizi, kwa hiyo ukishalivaa usiliache sakafuni.

Chalii wa Sakina:

Nondo hizi. Naanza Jumamosi.

Kibosho Juu:

Swali la mwisho kutoka kwangu mkuu. Pama la babu nililolisema juu lina kamba nyembamba nyeusi imezunguka juu ya utepe na mwishoni ina kifungo kidogo kama cha shati. Nyumbani wote tunadhani ni pambo. Ni nini kile?

Mzee wa Pama:

Aisee usikikate hicho! Hiyo ni kamba ya upepo. Vuta kifungo taratibu, kamba inavutika, ishushe upande wa koti halafu pitisha kifungo kwenye lile tundu la kola ya koti ambalo siku hizi watu wanawekea ua. Upepo ukilibeba pama linaning'inia begani halikimbii barabarani. Ukimaliza unakirudisha kifungo mahali pake kinabanwa na kamba yenyewe. Mapama ya sasa wengi hawaweki. Kama kamba ya babu imekauka usiivute, mpelekee fundi wa Lushoto aweke mpya na kifungo kilekile. Wa Dar mnaopanda kivuko cha Kigamboni hii muitafute hata kwa kushonewa, mita moja ya lastiki nyembamba ya mviringo na kifungo kimoja vinatosha.